Grafike ndani ya prosesa: kitu chenye kiwanda tu kinaweza kuweka



Kila mara promosio mupya inapoanza kuandika TFC ao memware, swali moja linarudi kati yetu: prosesa yenye haina grafike ndani, mutu anaweza kuiongezea? Jibu fupi ni hapana. Lakini jibu fupi halisaidii mutu mwenye kushika dola zake mukononi, na mbele yake kuko muuzaji mwenye anamwambia: "Ongeza kidogo, nitakuwekea grafike mu prosesa." Kwa sababu hiyo nimeona afazali tupite njia ya historia. Mimi ni mutu wa kilimo, lisansi yangu ni ya agronomia, sikusomea elektroniki. Lakini siku hizi hata sisi wa kilimo tunafanya karte za mashamba na hesabu za mavuno ku mashini, na pesa ya kununua hiyo mashini haiokotwi ku barabara. Ukifuata hii historia kuanzia 1981, utaona wewe mwenyewe sababu gani hakuna fundi anaweza kumaliza kazi yenye kiwanda hakikufanya.

Tuanze na kazi yenyewe. Prosesa inahesabu namba. Haichori kitu. Ili herufi "A" itokee ku ekra, lazima kuwe sehemu ingine yenye inachukua zile namba, inazigeuza kuwa nukta za rangi, na inazituma ku ekra mara nyingi kila sekunde, kwa kawaida mara 60. Hiyo sehemu njo tunaitaka grafike. Bila hiyo, mashini inawaka, vantilatere inazunguka, taa ndogo inaonekana, lakini ekra inabaki nyeusi kama usiku bila mwezi.

Mu mwezi wa 8 mwaka 1981, kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake ya kwanza ya mutu binafsi, IBM PC, yenye prosesa Intel 8088. Ndani ya ile prosesa hakukuwa grafike hata kidogo. Hata ku karte mama hakukuwa. Mununuzi alichagua karte moja kati ya mbili: MDA, yenye ilionyesha maandishi tu kwa rangi moja, ao CGA, yenye iliweza kuchora kwa rangi kidogo. Alifungua sanduku, akachomeka karte mu nafasi yake, akafunga. Akitaka ingine, anatoa ile, anaweka hii. Muangalie hiyo hali vizuri, kwa sababu tutairudilia: wakati ule kuongeza kulikuwa mu mukono wa mwenye mashini.

Kabla grafike iingie ndani ya prosesa, kuko kitu kingine kilitangulia njia hiyo, na mimi naona njo somo kubwa kuliko yote. Ile 8088 ilikuwa muzito sana kwa hesabu za namba zenye koma. Intel ikauza chipu ingine ya pembeni, 8087, koprosesa ya hesabu. Ku karte mama ya IBM PC kulikuwa tundu tupu yenye inaingoja. Mutu wa statistike ao injinia alinunua 8087, akaichomeka pale, na hesabu zake zikakimbia. Mashini za 386 zilikuwa na 387 yao. Kisha mu 1989 Intel ikatoa 486, prosesa ya transista zaidi ya milioni 1, na koprosesa ikaingia ndani, ku kipande kilekile cha silisiyumu. Tundu ya pembeni ikapoteza kazi.

Mu 1991 ikatokea jambo la ajabu. Intel ilitoa 486SX, ya bei ya chini, yenye koprosesa yake haitumiki. Na kwa wale walitaka kuongeza kisha, ikauza chipu yenye jina 487SX. Jina lilisema ni koprosesa. Kumbe ndani ilikuwa 486 kamili, prosesa nzima! Ukiichomeka, inazima ile ya zamani na inafanya kazi yote peke yake. Prosesa yenye ulinunua mbele inabaki pale ku karte mama kama mugeni mwenye amelala.

Muelewe vizuri: Intel ilikuwa na michoro yote, mashini zote, na mainjinia wake wote. Na hata hivyo haikuongeza kitu ndani ya prosesa yenye ilikwisha kutoka mu kiwanda. Ilileta ingine kamili, ikaiita nyongeza. Kama mwenye kiwanda hakuweza, fundi wa ku soko na fer ya kusude atawezaje?

Sasa grafike yenyewe. Haikuruka siku moja toka ku karte mupaka mu prosesa. Ilitembea polepole, na njiani wengine walianguka.

Wa kwanza kujaribu kwa nguvu ku kompyuta za namna hii alikuwa Cyrix, kampuni ndogo ya Texas. Mu 1997 ilitoa MediaGX: prosesa, grafike na sehemu yenye inaongoza RAM, vyote ku chipu moja. Ilikuwa polepole, lakini ilipunguza vipande, na kupunguza vipande ni kupunguza bei. Compaq iliiweka mu mashini zake za Presario za bei ya chini ya dola 1000, na wakati ule hiyo ilikuwa habari. Cyrix haikuishi muda murefu. Mwaka uleule National Semiconductor iliinunua. Lakini mbegu haikufa. Ile familia ya chipu ikaitwa Geode, mu 2003 AMD ikainunua, na Geode njo iliingia mu zile mashini ndogo za kijani na nyeupe za mradi wa OLPC, za watoto wa shule. Sisi wa Kivu tunazijua, kwa sababu majirani zetu wa Rwanda walizigawa mu shule zao kwa wingi kuanzia 2008. Mutoto mwenye alikuwa anachora ku ile ekra ndogo alikuwa anatumia mujukuu wa MediaGX.

Intel nayo ilijaribu. Mu 1998 ilitoa karte ya grafike yenye chipu i740, haikuendelea sana. Mu 1999 ikabadilisha njia: ikaweka grafike ndani ya chipu kubwa ya karte mama, kwa jina 810. Bado si ndani ya prosesa, ni jirani wa mulango. Mashini zikashuka bei. Lakini kuko jambo moja watu wengi hawakuliona siku ya kununua: karte mama za 810 hazikukuwa na nafasi ya AGP, ile yenye karte za grafike za nguvu zilikuwa zinaingia wakati ule. Yaani ulipewa grafike ya bure, lakini mulango wa kuongeza ya nguvu ukafungwa. Mwaka wenye ulifuata, 2000, Intel ikatoa 815 yenye grafike ya ndani na nafasi ya AGP pamoja.

Mwaka huohuo wa 2000 Intel ilikuwa inatayarisha Timna, prosesa yenye grafike ndani kabisa. Haikuuzwa hata moja. Ilikuwa imefungwa ku aina ya RAM yenye jina RDRAM, na ile RAM ilibaki ya bei kali. Ili itumie RAM ya kawaida, ilihitaji chipu ya kutafsiri kati yao, na ile chipu ikaleta matatizo. Mu mwisho Intel ikaua muradi wote. Sioni ajabu: grafike ya ndani haina RAM yake, inakula ku sahani moja na prosesa. Ukikosea sahani, wote wawili wanalala njaa.

Kisha AMD ikafanya kitu kikubwa. Mu 2006 ilinunua ATI, kampuni ya Kanada yenye ilitengeneza grafike za Radeon, kwa dola bilioni 5.4. Mawazo yalikuwa kuunganisha prosesa na grafike ku silisiyumu moja. Deni lilikuwa zito. Mu 2009 viwanda vya AMD vikatoka, vikawa kampuni ingine, GlobalFoundries. Prosesa zenye iliahidi zilitoka mu 2011 tu, miaka mitano kisha kununua. Mu 2013 prosesa za namna hiyo zikaingia mu PlayStation 4 na Xbox One. Kuweka grafike ndani ya prosesa kulichukua miaka mitano, kampuni mbili nzima na mabilioni ya dola. Na kuko mutu anataka dola 70 kuifanya mu nusu saa!

Intel ilifika kwa njia ya hatua mbili. Mu mwezi wa 1 mwaka 2010 ilitoa prosesa za Core zenye vipande viwili vya silisiyumu chini ya kifuniko kimoja: kimoja cha prosesa, kimoja cha grafike, kama wapangaji wawili mu nyumba moja. Mu mwezi wa 1 mwaka 2011, na kizazi cha pili cha Core, chenye jina la ndani Sandy Bridge, vyote vikawa kipande kimoja, chenye transista karibu bilioni moja. Tangu pale, karibu prosesa zote za Core i3, i5 na i7 za kawaida zilikuwa na grafike ndani, na mashini nyingi za okazio zenye zinafika kwetu ni za kizazi hicho na vyenye vilifuata.

Hapa njo tunaelewa sababu ya mwili yenyewe. Njia ndogo za Sandy Bridge zilichorwa kwa kipimo cha nanometa 32. Unywele wa kichwa ni munene zaidi ya mara elfu moja kuliko hiyo. Zilichorwa kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka, mu chumba chenye vumbi haiingii, kisha zikafungwa chini ya chuma. Grafike inahitaji transista zake, njia za kufika ku RAM, na njia za kutoka ku pini za chini, kupita karte mama, mupaka ku tundu ya HDMI ao VGA. Hakuna nafasi tupu yenye inangoja ndani, kama ile tundu ya 8087. Kwa lugha yetu ya shamba: mbegu ya muhindi ikisha kukauka ku gunzi, huwezi kuipasua na kuiwekea uvumilivu wa jua kali. Ile iliamuliwa siku ya kuchavua. Chenye unaweza kufanya ni kupanda maharage pembeni yake, na maharage yatasaidia udongo. Karte ya grafike ni maharage. Haiingii mu muhindi, inaota pembeni.

Mutu ataniuliza: na zile zenye grafike iko ndani lakini imezimwa? Ni swali zuri, kwa sababu ziko. Mu mwezi wa 1 mwaka 2019 Intel ilianza kutangaza prosesa zenye herufi F mwisho wa namba, mufano Core i5-9400F na Core i9-9900KF. Silisiyumu yake ni ileile ya nduguye bila F, lakini grafike imezimwa kiwandani. Si programu tu yenye unaweza kubadilisha mu BIOS. Mu 2010 Intel ilijaribu kuuza kadi ya dola 50 yenye kode: unaandika kode ku mashini, na prosesa Pentium G6951 inafungua nguvu kidogo yenye ilikuwa imefungwa. Watu walikasirika kulipa mara mbili kwa kitu kimoja, na mu 2011 ule mupango ulikwisha. Haukuhusu grafike. Lakini unaonyesha kwamba kufungua kunawezekana tu pale kiwanda chenyewe kiliacha mulango na ufunguo. Kwa prosesa za F, hakikuacha.

Na hii F si mambo ya mbali. Mwenzetu mumoja, wiki tatu mbele ya kudepoze memware yake, alinunua kompyuta ya meza yenye i5-9400F. Siku ya kununua, ekra ilionyesha picha muzuri, kwa sababu ndani kulikuwa karte ya grafike. Siku ya kupelekewa nyumbani, karte haikukuwamo tena. Waliitoa, wakasema bei haikuihesabu. Alichomeka kable ku tundu ya HDMI ya karte mama: giza. Fundi wa pili akamwambia prosesa "imelala", kwa dola 70 ataiongezea grafike. Tundu ya HDMI ilikuwa nzima. Ni kwamba nyuma yake hakukuwa mutu wa kutuma picha. Alisaidiwa na karte ndogo ya okazio, ya bei ya chini kuliko zile 70, na memware ikaandikwa. Lakini zile siku alilia, na mimi sitaki mwengine alie vile.

Basi, mutu mwenye prosesa bila grafike ana njia mbili za kweli. Ya kwanza ni karte ya pembeni. Nafasi ya PCI Express inaweza kuipatia karte mupaka wati 75 bila kable ingine, na karte ndogo kama GT 1030 inakula wati 30 tu. Kwa mwenye kutumia panneau na batri, hiyo namba muishike: ni wati 30 zaidi. Ya pili ni kubadilisha prosesa yenyewe kwa ingine ya tundu ileile. Mwenye i5-9400F anaweza kutia i5-9400 ao i3-9100 ku karte mama ileile. Mwenye Ryzen ya kwanza ya 2017, yenye haina grafike, anaweza kutafuta Ryzen yenye herufi G, zenye zilianza 2018 ku tundu ileile ya AM4, lakini aangalie kwanza kama BIOS ya karte mama yake inaikubali. Ile ya pili, muone, ni 487SX tena: si kuongeza, ni kuweka ingine.

Kwa wanunuzi, mushike haya machache. Mashini za kubeba karibu zote ziko na grafike mu prosesa, hapo hakuna shida. Shida iko ku kompyuta za meza. Core i5-750 ya 2009 haina grafike. Xeon E5, zenye zinatoka mu mashini kubwa za ofisi za Ulaya, hazina. Intel yenye F, hazina. Ryzen za meza za mbele ya 2022, angalia G. Kuanzia familia ya 7000 ya 2022, AMD iliweka grafike ndogo ndani, isipokuwa zenye F kama 7500F. Na mwenye grafike ya ndani, kama ana RAM moja na nafasi ingine iko tupu, aongeze ya pili ya aina ileile. Kumbuka ile sahani moja: ikipanuka, grafike inapata nguvu. QGIS kwa karte za kawaida za mashamba inatembea muzuri pale.

Kuko kitu kimoja bado kinanisumbua mu hii historia. Kila hatua ilishusha bei, na bila hiyo wengi wetu hatungekuwa na mashini. Mimi nashukuru. Lakini kila hatua ilitoa pia kitu mu mukono wetu na kukipeleka kiwandani. Mu 1981 mwenye mashini aliamua grafike yake. Leo imeamuliwa miaka mbele ya mashini kutufikia, na herufi moja mwisho wa namba njo inasema kama utaona picha ao giza. Mutu wa Ulaya akikosea hiyo herufi, anarudisha ku duka. Huku kwetu ku soko ya okazio, ukisha kulipa umelipa. Kwa hiyo ufahamu wa hiyo herufi kwetu si mambo ya mafundi peke yao.

Mwenye kujiandaa kununua, mbele ya kutoa pesa aombe mambo mawili. Kwanza, namba nzima ya prosesa mupaka herufi ya mwisho. Pili, karte ya grafike itolewe pale mbele yake, kable ichomekwe ku tundu ya karte mama, na mashini iwashwe. Kama picha inatokea, grafike iko ndani. Kama muuzaji anakataa jaribio hilo la dakika tano, mumuachie mashini yake. Na kama namba inawachanganya, muitume hapa kwanza. Tuko wengi, mumoja wetu ataijua.